Maswali ya Wasomaji: Goti Bandia na Hofu ya Damu Kuganda

Barua nyingi za safari hii zinahusu jambo moja. Mtu kabadilishiwa goti, karudi nyumbani, mguu umevimba, na familia haijui ilale au ikimbilie hospitali. Tumechagua zenye maswali yanayojirudia, tukazifupisha. Pale majibu yetu yanapotofautiana na maelekezo ya daktari aliyempasua mgonjwa wako, fuata ya daktari huyo kisha umuulize sababu, kwa kuwa yeye anajua hali ya figo, moyo na kidonda ambayo sisi hatuijui.

Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 68, leo ni siku ya sita tangu awekewe goti bandia. Mguu wote umevimba hadi kwenye kifundo, na shavu la mguu limeingia rangi ya zambarau. Wodini walituambia tuwe macho na damu kuganda, basi. Tutajuaje? – Binti mkubwa

Marahaba, binti. Tuanze na hiyo rangi, kwani ndiyo inayotisha wengi bila sababu. Damu iliyovuja ndani ya goti wakati wa upasuaji na baada yake hushuka taratibu katikati ya misuli, ikatokeza kwenye shavu la mguu, kifundoni, hata kwenye vidole. Itageuka kijani, kisha manjano, kisha itapotea. Hiyo ni damu iliyo nje ya mishipa. Donge tunaloliogopa liko ndani ya vena, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, na mara nyingi halionekani kwa macho kabisa.

Uvimbe nao hautoshi kuthibitisha chochote. Karibu kila mguu uliobadilishiwa goti huvimba, na katika siku za mwanzo huzidi kadiri mgonjwa anavyosimama na kutembea. Kinachotusaidia ni mwenendo wake. Uvimbe wa kawaida hupungua mgonjwa akilala na mguu ukiwa juu kidogo kuliko moyo, kisha hurudi jioni. Uvimbe wa kutiliwa shaka haupungui usiku, au ulikuwa umeshaanza kupungua kisha ukapanda ghafla ndani ya siku moja au mbili. Huja pamoja na maumivu ya kwenye shavu la mguu au ndani ya paja, mbali na kidonda, yanayozidi ukibonyeza. Ngozi huwa ya moto na imekazana. Vitabu vingi husema ngozi huwa nyekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza usionekane, kwa hiyo tumia mgongo wa kiganja chako, gusa miguu yote miwili mahali palepale, ulinganishe joto.

Tafuta futi ya fundi cherehani. Chini ya pia ya goti kuna kinundu cha mfupa. Pima sentimita 10 kushuka kutoka hapo, weka alama kwa kalamu, zungusha futi bila kukaza, uandike. Fanya hivyo kwa miguu yote miwili, kila asubuhi kabla hajateremka kitandani. Katika hesabu ambayo madaktari hutumia kukadiria uwezekano wa donge, tofauti inayozidi sentimita 3 kati ya miguu miwili huhesabiwa kuwa dalili. Mguu uliopasuliwa unaweza kupita hapo kwa sababu ya upasuaji wenyewe, ndiyo maana namba ya siku moja haikuambii kitu. Tofauti ya sentimita 4, kesho yake 4, keshokutwa 3 na nusu, huo ni mguu unaopona. Ikiwa jana ilikuwa 3 na leo 5, piga simu hospitali leo hii, usingoje tarehe ya kutoa nyuzi.

Usiusahau mguu wa pili. Donge linaweza kutokea kwenye mguu ambao haukuguswa na kisu, na huo ukivimba hakuna upasuaji wa kusingizia.

Hayo ni ya mguuni. Akipungukiwa pumzi ghafla, akichomwa kifuani anapovuta hewa, akikohoa damu, moyo ukimwenda mbio akiwa amekaa tu, au akizimia, usipime kitu. Huenda kipande cha donge kimekatika kikaenda kuziba mshipa wa mapafu. Ni dharura, na unampeleka kwenye chumba cha dharura hata kama miguu yake iko sawasawa, maana wengi wanaopata tatizo hilo la mapafu hawakuwa na dalili yoyote mguuni.

Niliwahi kupasuliwa tumbo na sikusikia habari nyingi hivi za damu kuganda. Kwa nini goti? – Mwalimu mstaafu

Upasuaji wa tumbo nao una hatari hiyo, pengine hukuambiwa tu. Lakini goti na nyonga vimo miongoni mwa upasuaji unaogandisha damu zaidi, na sababu zake tunazijua vizuri.

Katikati ya karne ya 19 daktari Mjerumani Rudolf Virchow alichunguza jinsi madonge yanavyosafiri hadi mapafuni, na jina lake likabaki kwenye mambo matatu yanayogandisha damu ndani ya vena: damu kutuama, ukuta wa mshipa kujeruhiwa, na damu yenyewe kuganda kwa urahisi kuliko kawaida. Upasuaji wa goti huyaleta yote matatu kwa wakati mmoja. Goti hukunjwa sana na mfupa wa muundi husukumwa mbele ili daktari aukate, na vena kubwa inayopita nyuma ya goti hujikunja na kuvutwa. Madaktari wengi pia hufunga mkanda wa kubana kwenye paja ili damu isitoke, hivyo kwa muda huo damu ya mguuni haiendi popote. Mifupa inapokatwa, uboho na tishu zilizojeruhiwa humwaga ndani ya damu vichocheo vya kugandisha. Baada ya hapo mtu analala, anaumwa, hakanyagi. Misuli ya shavu la mguu, ambayo ndiyo pampu ya kurudisha damu juu, inakuwa haifanyi kazi.

Enzi ambapo wagonjwa hawakupewa kinga yoyote, uchunguzi wa kupiga picha mishipa yao yote ulikuta madonge kwa watu kati ya 40 na 60 katika kila 100 waliobadilishiwa goti. Mengi yalikuwa madogo, kwenye shavu la mguu, na yaliyeyuka yenyewe bila mtu kujua. Siku hizi, kwa dawa na kutembezwa mapema, wanaopata donge lenye dalili ndani ya miezi 3 ni takriban mtu 1 hadi 3 katika kila 100, na wanaokufa kwa donge la mapafu ni wachache mno. Namba hizo ndogo zimepatikana kwa kazi, hazikuja zenyewe.

Kuna tofauti moja kati ya goti na nyonga ambayo wagonjwa hawaambiwi vya kutosha. Katika uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 1998 huko Marekani, nusu ya madonge yaliyogunduliwa baada ya upasuaji wa goti yalikuwa yamejulikana kufikia siku ya 7, wakati kwa nyonga ilikuwa siku ya 17. Goti huwahi. Wiki mbili za kwanza ndizo nzito zaidi, ingawa hatari hubaki juu kuliko kawaida kwa takriban miezi 3. Na kwa kuwa watu wanaruhusiwa kurudi nyumbani baada ya siku moja hadi tatu, sehemu kubwa ya siku hizo nzito zinapita nyumbani, bila muuguzi.

Mimi nimepewa sindano za tumboni, mwenzangu tuliyelala wodi moja kapewa aspirini tu. Nani kati yetu kapunjwa? – Mzee wa magongo mawili

Hakuna aliyepunjwa, mzee wetu, ila swali lako limewagawa hata mabingwa.

Dawa zinazotumika sana baada ya goti ni hizi. Enoksaparini, sindano ya miligramu 40 mara moja kwa siku; Marekani wengi hutumia 30 mara mbili. Rivaroksabani, kidonge cha miligramu 10 mara moja kwa siku, kinachoanzwa saa 6 hadi 10 baada ya upasuaji iwapo damu imeacha kutoka. Apiksabani, miligramu 2.5 mara mbili kwa siku, inayoanzwa saa 12 hadi 24 baadaye. Dabigatrani nayo ipo, lakini hutolewa mwilini zaidi kwa njia ya figo, hivyo wazee na wenye figo dhaifu hupunguziwa au hawapewi. Halafu aspirini, dozi ndogo kati ya miligramu 75 na 150 kwa siku kutegemea nchi.

Kuna majaribio mawili yanayotajwa kila mjadala huu unapozuka. La kwanza lilichapishwa mwaka 2018, likiongozwa kutoka Kanada, na lilikuwa na wagonjwa 3,424 wa goti na nyonga. Wote walipewa rivaroksabani siku 5, kisha nusu wakahamishiwa aspirini miligramu 81. Wa goti waliimeza siku 9 zaidi. Waliopata madonge walikuwa 0.64 kwa kila 100 upande wa aspirini na 0.70 upande wa rivaroksabani, yaani sawasawa. La pili ni la Australia, lilichapishwa mwaka 2022, likalinganisha aspirini miligramu 100 na enoksaparini tangu mwanzo. Hapo aspirini ilizidiwa: madonge yenye dalili ndani ya siku 90 yalikuwa 3.45 kwa kila 100 dhidi ya 1.82. Nyongeza hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa madonge ya chini ya goti, yale yenye madhara kidogo.

Tukiyasoma pamoja, tunaona aspirini inafaa kwa mtu ambaye hana hatari ya ziada na anayetembea siku ileile au kesho yake, hasa ikitanguliwa na siku chache za dawa yenye nguvu. Aliyewahi kuganda damu, mwenye saratani, mnene sana, au aliyefanyiwa magoti yote mawili kwa pamoja, kumpa aspirini peke yake ni kubahatisha. Upande wa pili wa mizani ni damu kutoka. Goti likijaa damu hukaza, huchelewa kukunjika, na kidonda kinachotota siku nyingi hukaribisha wadudu kwenye kiungo bandia, balaa ambalo wapasuaji wengi huliogopa kuliko donge la shavu la mguu. Mwenzako huenda ana historia ya vidonda vya tumbo au kutokwa damu. Muulize daktari wako hivi: “Kwangu mimi, umepima hatari gani na gani?” Jibu likiwa la kueleweka, tulia.

Sindano nimeonyeshwa mara moja tu wodini. Sasa tumbo la mume wangu limejaa madoa ya bluu. Nakosea wapi? – Muuguzi wa nyumbani asiye na cheti

Madoa machache ni ya kawaida. Yakijaa, mara nyingi sababu ni mojawapo ya hizi tatu: unachoma palepale, unasugua baada ya kuchoma, au unaachia ngozi mapema.

Osha mikono. Mume alale chali au akae akiegemea ili uone tumbo lake. Chagua upande, kulia au kushoto, angalau sentimita 5 kutoka kitovuni, na kesho uhamie upande wa pili. Usichome penye kovu wala penye doa. Kwenye bomba lililojazwa dawa tayari utaona kapovu ka hewa, usikatoe. Kamewekwa makusudi kusukuma tone la mwisho la dawa, na ukijaribu kukatoa unamwaga dawa pamoja nako. Finya ngozi kwa kidole gumba na cha shahada upate mkunjo mnene. Ingiza sindano wima, yote, na usirudishe nyuma kutafuta damu. Sukuma polepole mpaka mwisho. Mkunjo huo uushikilie muda wote, uuachie sindano ikishatoka. Kisha gandamiza kwa pamba kavu bila kusugua hata kidogo. Bomba lililotumika liingie kwenye chombo kigumu chenye mfuniko, usilifunike tena kwa mkono.

Dawa hii haihitaji jokofu, isipate joto kali tu, na isigande.

Kama ni sindano za jamii ya heparini (enoksaparini ni mojawapo), uliza kama wingi wa chembe sahani za damu, yaani chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda, utapimwa, hasa ikiwa aliwahi kupewa heparini ndani ya miezi 3 iliyopita. Mara chache mwili huishambulia dawa hiyo kati ya siku ya 5 na ya 10, chembe sahani zinashuka kwa nusu au zaidi, na cha ajabu ni kwamba damu huganda badala ya kuvuja. Ni nadra, lakini ikitokea dawa husimamishwa siku hiyohiyo na kubadilishwa.

Siku ya nane najisikia mzima, natembea na fimbo moja. Kuna haja gani kumaliza dawa? Na nikisahau dozi je? – Asiyependa vidonge

Kujisikia mzima hakuna uhusiano na hali ya damu yako. Vichocheo vya kuganda hubaki juu kwa wiki kadhaa baada ya mifupa kukatwa, wewe ukiwa unacheka au unalia. Muda wa kawaida kwa goti ni siku 10 hadi 14 angalau, na wenye hatari kubwa huongezewa hadi siku 35. Hesabu vidonge ulivyopewa siku ya kuondoka hospitali. Tumeona barua ambazo mtu kaandikiwa siku 14, kakabidhiwa pakiti ya siku 10, akadhani pakiti ikiisha kazi imekwisha.

Ukisahau rivaroksabani ya mara moja kwa siku, imeze ukikumbuka siku hiyohiyo. Ukikumbuka kesho, endelea na ya kesho. Apiksabani imeze mara tu ukikumbuka, kisha rudi kwenye ratiba yako ya asubuhi na jioni. Dawa yoyote iwayo, usimeze mbili kwa mpigo kufidia. Ya sindano, piga simu kuuliza kama saa za kuchelewa ni nyingi.

Baba anaumwa sana usiku, namwongezea diklofenaki. Mjomba naye anataka kumkanda mguu. Sawa? – Mwana wa mwisho

Diklofenaki, ibuprofeni na jamii yake zikichanganywa na dawa ya kuzuia damu kuganda huongeza hatari ya damu kutoka tumboni na ndani ya goti. Kama daktari ndiye aliyeandika zote mbili baada ya kupima, na akaongeza kidonge cha kulinda tumbo, hiyo ni hesabu yake. Ukijiongezea mwenyewe dukani, hakuna aliyehesabu. Parasetamoli haina tatizo hilo: mtu mzima mwenye ini zima humeza gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku, mwenye mwili mdogo au mzee dhaifu hupewa pungufu. Barafu iliyofungwa kwenye taulo, dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku, husaidia kuliko watu wanavyodhani.

Waambie madaktari dawa nyingine zote anazotumia. Rifampisini ya kifua kikuu, na karbamazepini na fenitoini za kifafa, hudhoofisha rivaroksabani na apiksabani hadi kinga inakuwa jina tu. Ketokonazoli ya kumeza, ya fangasi, na ritonaviri ya VVU hufanya kinyume, zinapandisha dawa mwilini na kuleta kuvuja damu. Dawa za mitishamba nazo zitaje, hata kama hujui zina nini ndani.

Mjomba na akande bega au mgongo. Shavu la mguu na paja la mguu uliopasuliwa, kwa wiki hizi, lisikandwe kwa nguvu. Kama kuna donge ndani, kulibinya kunaweza kulikata likasafiri kwenda mapafuni. Mazoezi anayoelekezwa na mtaalamu wa fiziotherapia ni jambo jingine, hayo ni ya lazima. Rahisi kuliko yote ni la kifundo: avute unyayo kuja kwake, kisha ausukume mbele kama anayekanyaga pedali, mara 10 hadi 20 kila saa akiwa macho, miguu yote miwili. Kila msukumo ni pampu ya damu.

Akiona kinyesi cheusi kama lami, mkojo wenye damu, damu ya pua isiyokoma kwa dakika 10 za kubana, goti linalovimba na kukaza ghafla, au akijigonga kichwa, aende hospitali akiwa ameshika pakiti ya dawa mkononi. Aliyechomwa ganzi ya uti wa mgongo na yuko kwenye dawa hizi, akianza kupata maumivu makali mapya ya mgongo, miguu kuishiwa nguvu au mkojo kugoma, asilale na hilo. Damu inaweza kuwa inavujia kwenye uti wa mgongo, na saa chache zinaamua kama atatembea.

Nilikimbizwa kwa sababu mguu ulivimba. Kipimo cha damu kikasema “juu”, ultrasaundi ikasema hakuna donge. Nimwamini nani? – Aliyechanganyikiwa

Amini ultrasaundi, kwa sharti moja. Kipimo hicho cha damu, kiitwacho D-dimer, hupima mabaki ya damu iliyoganda na kuvunjwa. Mtu aliyepasuliwa goti wiki iliyopita ana damu iliyogandia kwenye kidonda kila mahali, hivyo kitakuwa juu hata kama vena zake ni safi. Katika wiki hizi kikiwa juu hakithibitishi kitu, na sisi hatuoni faida ya kukiagiza.

Ultrasaundi hufanya kazi kwa kubonyeza: vena nzima hubonyea ikafumba, yenye donge haifumbi. Kwa paja na nyuma ya goti ni kipimo kizuri sana. Kwa vena ndogo za shavu la mguu, tena mguu ukiwa umevimba na unauma, kinaweza kupitwa. Sharti lenyewe ndilo hilo: dalili zikiendelea au zikizidi, kirudiwe baada ya siku 5 hadi 7. Mwulize aliyekupima kama aliangalia mguu mzima au juu ya goti tu. Iandikwe kwenye cheti.

Wameniambia nina donge kwenye vena ya paja. Goti litaharibika? Nilale nisitembee? – Wiki ya tatu

Kiungo bandia hakiguswi na donge, na goti halitolewi. Kinachobadilika ni dozi: ile ndogo ya kinga haitoshi tena. Apiksabani ya matibabu huanza na miligramu 10 mara mbili kwa siku kwa siku 7, kisha 5 mara mbili. Rivaroksabani ni 15 mara mbili kwa siku kwa siku 21, kisha 20 mara moja, na dozi hizi kubwa humezwa pamoja na chakula, la sivyo mwili hauzinyonyi vizuri. Kwa kuwa chanzo kinajulikana, yaani upasuaji, muda wa kawaida ni miezi 3. Donge dogo la shavu la mguu peke yake linaweza kutibiwa kwa muda mfupi zaidi, au kufuatiliwa tu kwa ultrasaundi za kila wiki kwa wiki mbili kama dalili ni ndogo.

Dawa haiyeyushi donge. Inalizuia lisikue, mwili ndio unaolila polepole. Na tembea. Zamani wagonjwa hawa walilazwa kitandani siku nyingi. Leo, ukishaanza dawa na maumivu yakiruhusu, kutembea hakuongezi hatari na huacha mguu ukiwa na uvimbe mdogo zaidi baadaye. Mazoezi ya kukunja goti usiyaache kwa miezi 3 hiyo; ukiyaacha, utaponya vena ubaki na goti kavu lisilokunjika.

Nimepangiwa upasuaji mwezi ujao. Niandae nini? – Anayejiandaa

Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, na homoni za kukoma hedhi za kumeza, husimamishwa wiki 4 kabla, kwa hiyo kwako wiki ya kuuliza ni hii, na panga njia nyingine ya uzazi. Wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kawaida huachwa siku 5 kabla, kwa ratiba ya daktari, si yako. Taja mapema kama wewe, mzazi au ndugu wa damu amewahi kuganda damu. Kama una selimundu, saratani, moyo unaoshindwa kazi, au vena zilizovimba mguuni. Waeleze pia kuhusu figo. Sigara acha leo.

Uliza kuhusu ganzi: ya uti wa mgongo, kwa wengi, ina hatari ndogo kidogo ya madonge kuliko nusu kaputi, na inakuruhusu kusimama mapema. Uliza pia utasimamishwa lini. Jibu zuri ni siku ileile au kesho yake asubuhi.

Maswali mafupi

*Soksi za kubana ni lazima?* Kwa anayemeza dawa na anayetembea, faida yake ni ndogo. Ukipewa, ziwe zimepimwa kwa futi mguuni mwako, zivuliwe kila siku ili uangalie visigino, na usikunje ukingo wa juu, kwa kuwa mkunjo huo hugeuka mkanda wa kubana. Mwenye mishipa ya ateri iliyoziba mguuni asivae kabisa.

*Mto chini ya goti unanipa raha.* Raha hiyo ni ya hasara. Goti litazoea kukaa limekunjwa, na mto unabana vena ya nyuma. Weka mto chini ya kisigino, goti lining’inie lijinyooshe.

*Mashine za kupuliza hewa miguuni?* Zinafaa zikivaliwa, na lengo ni saa 18 kwa siku au zaidi. Zinazoning’inia kitandani hazizuii kitu.

*Naweza kusafiri?* Kukaa zaidi ya saa 4 mfululizo, kwenye ndege au gari, huongeza hatari kwa mtu yeyote, sembuse aliyepasuliwa. Madaktari wengi hupendelea usifanye safari ndefu ndani ya wiki 6 za mwanzo, na ile ya ndege ya masaa mengi isogezwe hadi miezi 3. Isipoepukika, mwone daktari kabla ya kukata tiketi ili aamue kama utarudishiwa dawa kwa siku hizo, omba kiti cha kando ya njia upande utakaonyooshea mguu uliopasuliwa, na simama utembee kila saa.